Nirudishiwe Breki Zangu Ngumu

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Magari.

Ndugu Mhariri,

YAH: MAKALA YAKO YA BREKI ZA PAWA NA MADHARA YALIYOIPATA NYUMBA YANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi kwenye kiti chako mwenyewe, na kwamba nyumbani kwako hakuna mtu anayekipigia hesabu kiti hicho. Changu kinapigiwa hesabu, na aliyewasha moto huo ni wewe.

Mimi ni mtunza stoo mstaafu. Kazi yangu ilikuwa kupokea vitu, kuvipanga, na kuhakikisha hakuna kinachotoka bila ruhusa yangu. Nina mke mmoja, fundi cherehani, na gari moja, ambalo ni la zamani kuliko ndoa yetu. Ni gari la taa za duara na bampa la kung'aa, na kiti chake cha mbele ni benchi moja ndefu kutoka mlango hadi mlango. Reli za kiti hicho zilishika kutu zamani zikiwa zimesimama pale pale penye urefu wa miguu yangu, nami nimelichukulia jambo hilo kuwa ni uamuzi wa gari lenyewe kuhusu nani dereva. Mke wangu huliita “mke mwenzangu”. Wamekaa kwa amani miaka yote, kila mmoja na nafasi yake, mpaka ulipochapisha makala yenye kichwa “Zijue Breki za Pawa Kabla Hujazifunga Kwenye Gari la Zamani”.

Naomba nilalamike kwa mpangilio, kama tulivyozoea stoo.

1. Makala yako ilieleweka.

Hili ndilo kosa mama. Mimi ni msomaji wa siku nyingi na najua makala ya ufundi inavyotakiwa kuwa. Inatakiwa ianze vizuri, iingie gizani katikati, na imalizike kwa kumshauri msomaji amwone fundi. Ya kwako ilianza vizuri, ikaendelea vizuri, ikamalizika vizuri. Sijui ulikuwa na haraka gani ya kueleweka.

Mke wangu hanunui gazeti lako kwa ajili ya habari. Hulinunua kwa ukubwa wa karatasi, maana ndizo anazokatia patani. Ukurasa wa michezo hutosha mgongo wa gauni, matangazo ya mnada hutosha kola. Ukurasa wako siku hiyo ulipangiwa kuwa mkono wa blauzi. Alikuwa ameshaushika mkasi. Akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akaketi. Mkono ule haukukatwa tena, na mwenye blauzi alipokuja kuichukua aliikuta bado haina mkono mmoja. Ukurasa ulibandikwa ukutani juu ya cherehani, mahali ambapo kwa haki palipaswa kuwa na picha yangu.

Mchana huo nikaelezwa breki za pawa huku chakula kikipoa. Kwamba injini inapofanya kazi huvuta hewa. Kwamba kuna paipu inayopeleka mvuto huo kwenye kopo kubwa la duara liitwalo busta. Kwamba ndani ya kopo kuna ngozi ya mpira inayoligawa pande mbili, na hewa imenyonywa kote. Ukikanyaga pedali, hewa ya nje inaruhusiwa kuingia upande mmoja tu, inaisukuma ngozi, ngozi inaisukuma masta silinda, na masta silinda inasukuma oili mpaka kwenye magurudumu. “Mguu wako unaomba tu, baba,” akaniambia, ameshika mfuniko wa sufuria kunionyesha. “Hewa ndiyo inayofanya kazi.”

Mhariri, nimeendesha gari lile tangu nikiwa na nywele. Kuambiwa juu ya sahani yangu mwenyewe kwamba kazi yangu inaweza kufanywa na hewa ni jambo ambalo sikulitegemea kutoka kwa gazeti ninalolilipia.

2. Gari lilibadilishwa nikiwa sipo.

Nilikwenda kumjulia hali dada yangu. Niliporudi, gari lilikuwa limekokotwa hadi gereji ya fundi tunayemwita Kimya, kwa kuwa hujibu maswali kwa kutikisa kichwa, na lilikuwa limeshafungwa breki za diski mbele, busta ukutani mwa injini, na masta silinda mpya. Niliuliza kwa nini. Mke wangu akanikumbusha habari za uzio wa jirani.

Habari zenyewe ni hizi, ili usije ukazisikia kwa watu. Muda mfupi kabla ya makala yako, gari langu lilisimama ndani ya uzio wa jirani badala ya mbele yake. Jirani, ambaye ni mtu wa kukuza mambo, anasema niliugonga. Mimi nilieleza siku ile ile kwamba niliuegemea. Uzio wenyewe ulikuwa umeinama tangu zamani, ulihitaji tu mtu wa kuumalizia. Sioni uhusiano wowote kati ya uzio na mguu wangu.

3. Mguu wangu umedharauliwa.

Breki za zamani zilikuwa ngumu, nakubali, na hapo ndipo utamu wake ulipokuwa. Ukitaka kusimama sokoni ulianza kufikiria jambo hilo mapema, ukajiegemeza, ukakanyaga kama mtu anayeng'oa kisiki kwa unyayo. Mkwe wangu aliwahi kujaribu kuliendesha. Alirudi amelowa jasho, akanirudishia ufunguo kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo akawa ananiamkia kwa adabu zaidi. Hakuna mlinzi, hakuna kengele, hakuna kufuli lililowahi kulilinda gari kama breki zile. Mwizi angeweza kuondoka nalo, lakini angelisimamisha na nani?

Siku ya kwanza baada ya matengenezo niliingia kwa heshima zote nikakanyaga kama nilivyozoea. Kofia yangu ilikwenda kwenye kioo. Miwani ikaifuata. Nyanya zilizokuwa kiti cha nyuma zikaja mbele kuangalia kulikoni. Fundi Kimya, aliyekuwa amesimama nje, alisema neno lake la kwanza mwaka huu: “Taratibu, mzee.” Hebu fikiria. Mimi, kuambiwa taratibu na mtu asiyesema.

4. Pedali imeshushwa.

Hili lilifanywa kimyakimya, na kama kawaida maelezo yake yapo kwenye ukurasa wako, aya ya katikati. Unasema kwamba mkono wa pedali wa breki ngumu umetengenezwa kuzidisha nguvu ya mguu, na kwamba ukiuacha hivyo hivyo na kuongeza busta, breki zitakuwa kali kupita kiasi. Kwa hiyo pini ihamishwe na pedali irekebishwe. Sawa. Lakini nani alikwambia uandike “pedali ipangwe kulingana na mwili wa dereva”? Dereva gani? Kabla ya makala yako gari langu lilikuwa na dereva mmoja na swali hilo halikuwapo duniani.

Pedali yangu ilikuwa juu, mahali pa heshima. Ilibidi niinue paja zima kuifikia. Sasa iko chini karibu na sakafu. Kisigino kinalala, kidole kinabonyeza, goti halina habari. Naendesha kama mtu aliyekaa barazani anapiga mguu kufuatisha muziki. Nimeshindwa hata kuugua vizuri, maana zamani nikifika nyumbani nilikuwa na haki ya kukandwa mguu kwa maji ya moto, na haki hiyo imekufa.

5. Masta silinda ina vyumba viwili.

Ya zamani ilikuwa na chumba kimoja. Kikivuja, mmekwisha wote, na kwa sababu hiyo tulikuwa watu wa sala. Hii mpya ina chumba cha breki za mbele na chumba cha breki za nyuma, ili kimoja kikishindwa kingine kibaki. Juu yake kuna kivalvu cha kugawa nguvu, mbele zaidi, nyuma kidogo, gari lisije likatupa mkia. Mke wangu anavipenda vitu hivi kuliko alivyowahi kupenda zawadi yoyote niliyomnunulia.

Naomba uone hatari iliyopo. Mtu akishazoea kuwa na chumba cha pili cha oili, atataka paipu ya pili, kesho ufunguo wa pili, keshokutwa dereva wa pili. Nami sisemi kwa kubahatisha. Siku ile ile niligundua kwamba mke wangu ana leseni ya udereva. Anayo tangu ujana wake, na ameihifadhi kwenye kopo la vifungo. Kopo hilo nimeliona mezani kila siku ya ndoa yangu, nikidhani lina vifungo.

6. Suruali yangu haijaonekana.

Hili halihusu breki, lakini kwa kuwa nimeshakasirika naliweka hapa. Siku chache kabla sijakwenda kwa dada yangu, mke wangu alinipima mguu wa kulia. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi. Akaweka utepe wake kutoka kiunoni hadi kisigino, akaniambia nikunje goti mpaka pale linaposema basi, kisha nilinyooshe mpaka pale linaposema basi. Nikamwambia napenda suruali yenye nafasi mapajani. Akasema, “Nimesikia.” Hakuandika kitu. Alikata tu ukanda wa bitana ya bluu, akaufunga fundo katikati, akautia mfukoni.

Mpaka leo suruali sijaiona. Mtu ana muda wa kutengeneza breki za gari zima, lakini mshono mmoja wa mume wake unamshinda.

7. Gari limegeuzwa sebule.

Tangu breki zilainike, mke wangu analiendesha. Ananipeleka zahanati, anajipeleka kununua uzi, na juzi alimpeleka jirani wa uzio, ambaye aliketi mbele akanipungia mkono. Kila akiingia hubeba mito miwili ya kochi, anaiweka mgongoni, na anakaa ukingoni mwa benchi kama mgeni aliyekuja kuposa. Nilimuuliza kama gari la wanaume halimtoshi mpaka alipambie. Akacheka, akawasha. Akishuka huiacha mito humo humo, nami nikiingia naitupa nyuma.

Sasa nijumlishe, Mhariri, kama ulivyonifundisha wewe mwenyewe kujumlisha sehemu za breki mpaka zikawa breki. Chukua breki nyepesi, pedali iliyohamishwa, leseni kwenye kopo na mito kwenye benchi. Hiyo ni njama. Mke wangu ametaka usukani tangu siku ya kwanza, na kwa msaada wa ukurasa wako ameupata bila kupandisha sauti. Leo tumelisaidia gari kusimama, kesho tutamsaidia mzee kuketi pembeni, na siku inayofuata atapewa blanketi na kuulizwa kama anasikia baridi.

8. Mteremko.

Hapa naomba usome ukiwa umekaa.

Kutoka sokoni kuja kwetu kuna mteremko mrefu unaoishia njia panda. Tangu ujana wangu nina utaratibu: nikifika juu natoa gia, nazima injini, naliacha gari liteleze bure hadi chini. Petroli haiguswi, na upepo unaingia dirishani. Wapo walioniiga wakashindwa, kwa sababu hawakuwa na mguu. Jumatatu iliyopita nilikuwa nikiendesha mimi, mke wangu yupo pembeni na vitambaa vyake mapajani. Nikafika juu, nikatoa gia, nikazima.

Nilikanyaga mara ya kwanza, breki ikashika. Mara ya pili ikashika kwa uvivu. Mara ya tatu, Mhariri, pedali ikawa jiwe. Nikaikanyaga kwa mguu wote, kama zamani. Goti langu likatoa sauti ambayo sitaieleza gazetini, na mguu ukakataa kabisa. Sikuwa na mguu. Chini, katikati ya njia panda, mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wa magodoro, na mgongo wake ulikuwa umetugeukia.

Mke wangu alinyoosha mkono akageuza ufunguo. Injini ikaamka, pedali ikalainika, gari likasimama karibu na magodoro kiasi kwamba mwenye nayo aligeuka akidhani tunataka kununua.

Hakunipigia kelele. Angenipigia ningejua la kumjibu. Aliokota vitambaa vyake, akavikunja, akasema, “Imeandikwa pale ukutani. Injini ikizimwa busta haipati mvuto. Kinachobaki ni akiba ya mikanyago miwili mitatu, basi.” Kisha akauliza, “Goti linauma?” Nikamuuliza goti gani. Akashuka, akazunguka, akafungua mlango wangu, na mimi nikasogea. Nilisogea mwenyewe, sikusogezwa. Niliona aibu, Mhariri, na bado ninayo ninapoandika.

Nakuuliza basi: onyo kubwa namna ile, kwa nini uliliweka mwisho wa makala? Ungeliweka mwanzo ningelisoma.

Kutokana na hayo yote nadai yafuatayo. Kwanza, uchapishe makala mpya inayoeleza breki hizo hizo vibaya, yenye maneno magumu na mchoro uliopinduliwa, ili wengine waokoke. Pili, ukurasa wako upunguzwe ukubwa usitoshe hata mkono wa nguo ya mtoto. Tatu, umtangazie Fundi Kimya kwa herufi nene kwamba diski, busta na masta silinda vitolewe, nami nirudishiwe breki zangu ngumu na pedali yangu ya juu. Siku yenyewe nimeshampa: Jumamosi hii. Nne, mamlaka husika zishauriwe kwamba gari lolote linalosimama kwa urahisi ni tishio kwa wakuu wa kaya wote. Naona hayo ni madai ya wastani. Nilikuwa na la tano kuhusu makopo ya vifungo, lakini nimelifuta kwa ajili ya amani.

Nisalimie wachapaji, wasahihishaji, na yule anayepanga herufi ndogo za mwisho wa makala, mwambie nimempata. Msalimie muuza magazeti wa kwenye kona, ambaye hana hatia. Wasalimie wa nyumbani kwako wote kwa umri wao, na kama mkeo anashona, mfichie gazeti.

Ni mimi, kwa masikitiko na heshima,

Mtunza Stoo Mstaafu,
mwenye gari mpaka sasa.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nikapita gereji kumkumbusha Fundi Kimya habari za Jumamosi, nikitembea kwa miguu na kupumzika mara kwa mara. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha spana kuelekea ukutani. Kwenye msumari, pamoja na mikanda ya feni, ulining'inia ukanda wa bitana ya bluu wenye fundo katikati. Nilisimama pale nikautazama mpaka nikaelewa kwamba suruali haikuwahi kuwapo. Urefu ule ni wa mguu wangu. Fundo ni goti langu, na pedali ilishushwa mpaka pale ninapoifikia bila kulikunja likauma.

Kisha Kimya akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema. Alisema mke wangu alipokuja na ukurasa wako, yeye fundi alitaka kuipanga pedali kwa mguu wa mke wangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amesimama mbele yake, na tena alete patasi akabandue benchi isogezwe mbele. Mke wangu alikataa. Alimpa ukanda ule akamwambia, “Panga kwa huu. Gari ni lake. Mimi nikihitaji, nitajisogeza.” Ndiyo maana ya mito, Mhariri. Pedali iko mbali naye. Ana miguu mifupi, na hafiki.

Jumamosi nimeifuta. Madai yote manne nayaondoa, na breki zisiguswe. Nabaki na ombi moja, na ukipata nafasi lishughulikie haraka: toa makala inayoeleza namna ya kubandua reli za kiti cha benchi zilizoshika kutu, ili kisogee mbele dereva akiwa mwingine, na kirudi nyuma nikiwa mimi. Andika kwa lugha nyepesi kama kawaida yako. Safari hii nitaisoma mimi, na nitaanzia mwisho.